Pumziko la Ziwa na Njaa ya Jirani

Masomo: Mambo ya Walawi 25:1–7, Yakobo 2:14–17

Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Sisi wa Gungu hatuamki tukiyatazama maji kama wenzetu wa Kibirizi, Katonga na Ujiji, lakini siku hiyo tuliijua. Tuliijua sokoni, bei ya dagaa ilipopanda. Tuliijua kwenye sahani ya sadaka pia, maana wengi katika usharika huu wanakula kutokana na ziwa hata kama hawajawahi kushika kasia: kina mama wanaoanika na kuuza dagaa, vijana wanaobeba mizigo mwaloni, mafundi wa mitumbwi na washona nyavu.

Wiki chache baadaye, katika ibada ya jumuiya ya nyumba kwa nyumba, ndugu yetu mmoja ambaye ni kibarua katika mtumbwi wa mtu aliuliza swali. "Wapendwa, nikitoka usiku nikapata ndoo moja tu ya dagaa kwa ajili ya watoto wangu, nitakuwa nimemwibia nani? Si ziwa ni la Mungu?" Mmoja wetu akafungua Warumi 13 akamsomea habari ya kuzitii mamlaka. Mwingine akamwambia avumilie, Bwana atafungua mlango. Tukaomba, tukaagana, tukarudi majumbani kwetu kula. Tangu usiku ule swali lake halijatuacha, wala jibu letu halijatupa amani.

Tuanze na swali lenyewe. Ni kweli ziwa ni la Mungu, na kwa sababu hiyo hiyo halimo mkononi mwetu kulifanyia tupendavyo. Katika Walawi 25 Mungu anawaagiza Israeli waipumzishe nchi kila mwaka wa saba, wasipande wala wasipogoe mizabibu, kwa kuwa nchi ni yake na wao ni wageni wake. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6–7 anamkataza mtu akutaye kiota njiani kumchukua ndege mama pamoja na makinda yake. Ni agizo dogo, lakini lina hekima kubwa: kula leo, ila usiue chanzo cha mlo wa kesho. Mvuvi anayekokota samaki waliojaa mayai, au anayetumia wavu wa matundu madogo unaozoa hata vifaranga, amewachukua mama na makinda kwa pamoja.

Wala pumziko hili si geni katika utamaduni wetu. Wazee wa ziwa hili wanajua kwamba dagaa na migebuka huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa, taa haivuti samaki vizuri, kwa hiyo wavuvi hukaa pwani siku kadhaa wakishona nyavu, wakitengeneza mitumbwi au wakienda shamba kuangalia mihogo na michikichi. Mungu alikwisha kuliwekea ziwa siku za kupumua kwa saa ya mbinguni. Tulichoombwa mwaka 2024 ni kurefusha kile ambacho mwezi ulikuwa ukitufundisha siku zote.

Tena haja ni kubwa kuliko zamani. Ziwa hili tunalitumia pamoja na ndugu zetu wa Burundi, Kongo na Zambia, na watu wa pande zote nne wameongezeka, na nyavu zimeongezeka. Tangu mwaka 2003 wanasayansi wameandika kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, hata hayachanganyiki na maji ya chini kama zamani, na hivyo virutubisho vinavyolisha viumbe wadogo, ambao ndio chakula cha dagaa, havipandi juu kwa wingi uleule. Kwa hiyo ndugu yetu alipouliza anamwibia nani, jibu lipo. Anamwibia mvuvi mwenzake aliyetii na kukaa nyumbani. Anamwibia mtu wa Uvira au Rumonge ambaye hatamwona kamwe. Zaidi ya wote anawaibia wanawe mwenyewe, ambao wakikua watataka nao kuvua.

Lakini je, tunatii kila amri kwa kuwa imetoka serikalini? Hapana. Mitume walisema wazi, katika Matendo 5:29, kwamba amri ya wanadamu ikipingana na ya Mungu, ya Mungu ndiyo ya kutiiwa. Amri ya kufunga ziwa haimlazimishi mtu kumkana Kristo wala kumdhulumu mwenzake, bali inalinda riziki ya wote. Mkristo anaweza kuuliza muda wake, namna ilivyotangazwa, au msaada uliotolewa kwa walioathirika, naye akauliza mchana na kwa heshima katika mkutano wa kijiji au wa mtaa. Kuuliza hivyo ni haki yake. Kuingia majini kwa siri usiku hakumpi jibu la maswali hayo.

Hapa wengi wetu tungependa kufunga mada. Tumempata mkosaji, tumempa aya, tumemaliza. Neno la Mungu halituruhusu kuishia hapo.

Mithali 6:30–31 inasema jambo linaloshangaza: mtu aibaye kwa sababu ya njaa watu hawamdharau, na hata hivyo akikamatwa sharti alipe. Biblia haisemi wizi wake si wizi. Haisemi pia kwamba yeye ni sawa na mwizi mwingine yeyote. Inatutaka tuyashike mawili kwa pamoja, hukumu na huruma. Sisi katika jumuiya tulishika la kwanza tu, tena tukiwa tumeshiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Turudi Walawi 25. Mara nyingi tunasoma kwamba nchi ipumzike, tukaruka aya inayofuata. Pale Mungu anataja wote watakaokula mwaka ule: mwenye shamba, mtumwa wake, mjakazi wake, kibarua wake na mgeni akaaye kwake. Na Kutoka 23:11 inasema kwamba maskini wa watu nao wale. Pumziko la nchi halikukusudiwa kumpumzisha tajiri na kumfungisha kibarua. Amri ya kupumzika na amri ya kugawana zilitolewa pamoja. Ukiitii moja na kuiacha nyingine, umepumzisha maji na kumchosha mtu.

Sasa tuangalie ziwani kwetu. Kibarua wa mtumbwi hana mshahara wa mwezi. Hupata fungu lake kwa kilichovuliwa usiku ule, na kisipovuliwa hapati kitu. Mwenye chombo anaweza kuwa na nyumba ya kupangisha, duka au shamba la michikichi. Wote wawili walifungiwa ziwa siku moja, lakini mzigo ulioanguka juu yao haukuwa sawa. Yakobo anauliza imani itafaa nini ikiwa tunamwambia ndugu asiye na chakula aende kwa amani na kushiba, tusimpe kitu. Usiku ule sisi tulisema karibu maneno hayohayo. Kama ndugu yetu alitoka na taa yake, basi katika dhambi ile na sisi tulikuwa na sehemu.

Tufanye nini, basi? Nabii Agabo alipotabiri njaa, wanafunzi wa Antiokia hawakungoja mpaka watu wa Yudea wazimie. Kila mmoja alitoa kwa kadiri alivyojaliwa, wakapeleka mapema (Matendo 11:27–30). Yusufu naye aliweka akiba miaka ya shibe kabla ya miaka ya njaa. Akiba haiozi. Iwapo ziwa litafungwa tena, usharika uwe na ghala lake: mahindi, maharage, unga wa muhogo na mawese, vikikusanywa wakati wa mavuno. Wenye vyombo walio Wakristo wawawekee vibarua wao kitu kidogo kila msimu mzuri, kwa kuwa jasho lao ndilo lililojaza mitumbwi. Na ghala hilo lisiulize dini. Katika miezi ile ya mwaka 2024 ilifika Iddi ya kuchinja, na baadhi yetu tulipokea nyama kutoka kwa jirani Waislamu ambao nao walikuwa wameishiwa. Wagalatia 6:10 inatutaka tuwatendee mema watu wote. Tungeona haya kuwa na mlango mwembamba kuliko wao.

Kuna swali moja la mwisho, aliloliuliza mama mmoja: samaki wa usiku ule akiuzwa, na fungu la kumi likaletwa, tulipokee? Daudi alikataa kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu (2 Samweli 24:24). Sadaka iliyogharimiwa na wengine bila ridhaa yao ina shida hiyohiyo. Tunaona ni vema mzee wa kanisa amrudishie mtu huyo fedha yake kwa upole, faraghani, na mkono wa pili umpe kikapu cha unga. Ikiwa hatuna kikapu cha kutoa, hatuna pia ujasiri wa kurudisha sadaka.

Tangu hapo tumekwenda kwa ndugu yetu kumwomba radhi. Alicheka, akatukaribisha, akatuandalia chai. Hatukumwuliza kama alitoka usiku ule. Tulimwuliza watoto walikula nini.

Bwana aliyewaandalia wanafunzi wake samaki na mkate kando ya ziwa la Tiberia atusaidie kulitunza ziwa letu, na kutunzana. Amina.