Kumpa Mgeni Kiti Si Kumpa Mimbari



Kuna swali linalotujia kila mara mtu wa dini nyingine anapobisha kwenye lupango zetu hapa Kakontwe. Je, mwamini anapaswa kumpokea mtu aliyekuja kusudi ambadilishie imani? Wengine wanasema: mgeni ni mgeni, apewe maji. Wengine wanasema: huyo ni mwizi wa kondoo, afungiwe mlango. Kila upande una sababu yake, basi tusikimbilie kujibu. Kwanza tumtazame huyo mgeni mwenyewe.

Tuchukue mfano wa vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wanawaita Wamormoni. Kanisa lao lilitambuliwa na serikali ya Zaire mwaka 1986. Mwaka 2010 walianzisha misioni ya Lubumbashi, na mwaka 2019 hekalu lao la Kinshasa liliwekwa wakfu. Vijana wao hawachagui pa kwenda. Kijana anapokea barua kutoka kwa wakubwa wa kanisa inayomwambia nchi atakayotumika. Tangu mwaka 2012 mvulana anaweza kuanza akiwa na miaka 18, na mwaka huo msichana aliruhusiwa kuanza akiwa na 19. Mvulana anatumika miaka 2, msichana miezi 18, tena bila mshahara. Wako wanaotoka Marekani, wako Waafrika kama sisi, na watoto wa Kongo nao wanatumwa katika nchi za wengine.

Tumwaze kijana wa namna hiyo katika siku zake za kwanza Katanga. Kifuani ana kibao cheusi chenye jina lake, na mbele ya jina kuna neno la Kiingereza lenye maana ya Mzee. Mzee wa miaka 19! Amejifunza Kifaransa kwa haraka, kumbe mama anayemkuta akitwanga sombe anasema naye Kiswahili. Anajaribu kusalimia, watoto wanacheka. Hajui bei ya makala wala namna ya kuwasha mbabula. Usiku anasikiliza mbu nje ya chandarua na kumkumbuka mama yake. Kwa miaka mingi vijana hao waliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara 2 tu kwa mwaka. Ni mwaka 2019 ndipo walipopewa ruhusa ya kuongea na wazazi wao kila wiki. Wala hatembei peke yake. Wanakwenda wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake.

Ndugu, tazameni jambo hili. Yeye aliyekuja kutufundisha, katika siku hizo ndiye anayefundishwa. Mtoto wa miaka 6 anamfundisha kuomba maji. Mama anamwonyesha namna ya kumega bukari. Aliyekuja kutuonyesha njia ya mbinguni anatuuliza njia ya kurudi anapolala.

Hilo si ajali. Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Bwana aliwatuma watu wake bila mfuko, akawaagiza wakae katika nyumba watakayopokelewa na kula watakachopewa. Angeweza kuwapa chakula cha njiani. Hakuwapa, ili mjumbe awe chini ya mwenyeji, ajue kushukuru kabla ya kujua kuhubiri. Mtu aliyekula kwako kwa shukrani hawezi tena kukudharau kwa urahisi. Kwa hiyo siku za kwanza za mjumbe zinampima yeye, na zinatupima sisi pia. Mtu dhaifu amewekwa mikononi mwetu: tutamfanyia nini?

Mwenye kusoma Biblia atasema: lakini Waraka wa pili wa Yohana unakataza kumpokea nyumbani mtu anayeleta mafundisho mengine. Ni kweli, na neno hilo tusilifiche. Lakini tukumbuke kwamba wakati ule waamini walikusanyika katika nyumba zao. Kumpokea mwalimu nyumbani kulikuwa kumpa nafasi ya kufundisha kanisa. Mtume alikataza mimbari. Hakukataza kikombe cha maji. Kumpa mgeni kiti si kumpa mimbari. Tukichanganya mambo hayo mawili tunaanguka upande mmoja au mwingine: ama tunakuwa wakatili kwa jina la imani, ama tunaitupa imani kwa jina la ukarimu.

Sisi watu wa Likasi tunajua neno «mgeni» linaweza kufanya nini. Mwaka 1992 na 1993, katika mji wetu huu, watu wenye asili ya Kasai waliitwa wageni, hata wale waliozaliwa hapa. Familia zilifukuzwa katika nyumba zao, zikalala kwenye stesheni zikingoja treni, na wengi walikufa. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wanaomba kwa Mungu mmoja. Aliyeona mambo hayo hawezi kusema kwamba kufunga mlango ni jambo dogo.

Tukumbuke pia Simon Kimbangu. Mwaka 1921 alihubiri Nkamba miezi michache tu, akakamatwa, akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Aliletwa Elisabethville, kilomita zipatazo 120 kutoka hapa, akabaki gerezani mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Yeye naye alikuwa mgeni katika Katanga, mbali na watu wa lugha yake. Serikali ya wakoloni iliogopa mafundisho yake, ikaona dawa ni kufunga mlango. Miaka 30 ya kufuli haikuyazima. Basi sisi watoto wa makanisa ya manabii wa Afrika, tutachukua dawa ileile kwa wengine?

Mwingine atauliza: na watoto wetu je? Wakivutwa? Swali hilo ni zito. Lakini mtoto anayeondoka kwa maneno ya siku moja hakufundishwa siku zingine zote. Tusimlaumu mgeni kwa kazi ambayo sisi wazazi hatukuifanya. Mlango uliofungwa unazuia mtu. Hauwezi kumfundisha mtoto kuomba.

Mapendo kwa mgeni yana kanuni zake, nazo ni hizi.

Kwanza, tumuulize ukweli bila hasira. Mpaka mwezi wa 6 wa mwaka 1978, kanisa la Wamormoni halikuwapa ukuhani wanaume weusi. Tuna haki ya kumuuliza juu ya jambo hilo na kusikiliza jibu lake. Naye ana haki ya kutuuliza juu ya nabii wetu, kama sisi tunavyomuuliza juu ya Joseph Smith wake.

Pili, tuheshimu dhamiri yake. Wao hawanywi chai, wala kahawa, wala pombe. Mama akimkaribisha chai naye akakataa, asikasirike. Sisi nasi tunakataa pombe kwenye matanga na tunataka watu watuelewe.

Tatu, tusimpokee kwa tamaa. Anayemfungulia kwa sababu anatafuta feza au safari ya Marekani hakumpokea mtu, amepokea mfuko. Na mgeni anayevuta watu kwa zawadi, huyo tumwambie wazi kwamba roho za watu haziuzwi.

Nne, wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Achote maji pamoja nasi, asaidie kubeba mgonjwa, aje kwenye kilio. Hapo tutajua kama anatupenda sisi au anapenda tu kuhesabu waliobatizwa.

Wapendwa, siku ya hukumu tutaulizwa kama imani tuliilinda, na tutaulizwa pia kama mgeni tulimpokea. Hakuna anayeruhusiwa kujibu swali moja tu. Akibisha, mpeni kiti, mpeni maji, msikilizeni, kisha mwambieni kwa upole yale mliyoyapokea ninyi. Akiondoka bila kukubaliana nanyi, aondoke akiwa ameshiba.

Mungu wa baba zetu awabariki, awatie nguvu katika imani na katika mapendo. Amina.