Ofisa wa Mfalme na Shamba la Mjane



Mama Mshunami twamfahamu sote kwa sababu ya kile chumba kidogo alichomwandalia Elisha, chenye kitanda, meza, kiti na taa. Akina mama wa Umoja wetu wanaipenda sana habari hiyo. Lakini wengi huishia hapo. Fungueni Wafalme wa Pili, mlango wa 8, mistari 6 ya kwanza, mtamkuta mwanamke huyo huyo hana makao. Njaa ilimpeleka nchi ya Wafilisti miaka 7, na aliporudi nyumba na shamba vilikuwa mikononi mwa wengine. Mumewe hatajwi tena. Yamkini alikwisha kufa.

Mama yule hakwenda kuomba sadaka. Alikwenda kwa mfalme kudai kilicho chake, Gehazi akamshuhudia. Ndipo mfalme akamweka ofisa mmoja asimamie arudishiwe vyote, hata mapato ya shamba tangu siku aliyoondoka. Jina la ofisa huyo halikuandikwa. Fikirini kazi yake: kutafuta mipaka, kuuliza majirani, kuhesabu mavuno ya miaka, na kutukanwa na waliokuwa wakilima pale!

Kazi ya namna hiyo ipo hata leo, wala si mbali nasi. Panda basi hapa Maore, upite Kisiwani na Same, ufike Moshi. Huko liko shirika la KWIECO, lililoanza mwaka 1987, linalowasaidia wanawake katika mambo ya sheria, na habari za ardhi na mirathi zimo. Kazi yenyewe ni kuandika barua, kuketi na wazee wa ukoo, kumweleza mama hatua za mahakama. Mpita njia haoni kitu cha kupiga picha. Sisi tumezoea kudhani kwamba asiye na makao husaidiwa kwa mabati na saruji, na kweli mabati ni mema. Lakini mjane aliyefukuzwa nyumba anayo. Alichonyang'anywa ni ufunguo.

Tusidharau karatasi. Wajane wawili wa nchi yetu walitolewa nyumbani na wakwe zao, kwa kufuata kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963. Wakisaidiwa na wanasheria wa WLAC wa Dar es Salaam, walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, ila haikuzifuta. Rufani yao ilitupwa mwaka 2010 kwa sababu ya kosa la tarehe katika hati. Tarehe, ndugu zetu! Hawakuchoka, mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake ilitamka kwamba haki zao zilivunjwa.

Na kuhusu ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikataa mila yo yote inayomnyima mwanamke ardhi kwa kuwa ni mwanamke. Wazee wetu wa ukoo walijue hilo kabla ya kuketi.

Twayaandika haya kanisani, si barazani kwa mwenyekiti, kwa kuwa anayemfukuza mjane mara nyingi ni mtu wa kwetu. Amebeba jeneza, ameimba kaburini, na kabla ya arobaini anauliza shamba la mpunga litalimwa na nani. Huyo akija mezani pa Bwana, tumwambie nini?

Mama aliyefiwa atahitaji cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na maombi ya msimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo. Ataulizwa pia uthibitisho wa ndoa. Wengi vyeti vyao vimeliwa na mchwa au vimesombwa na maji. Basi, waliofunga ndoa katika kanisa hili, daftari la ndoa lipo. Njoni baada ya ibada, pamoja na waume zenu wangali hai, tutafute ukurasa wenu.