WAZO LA LEO: Kiko cha Bwana Msa

Jioni foleni ya Ngong Road ikikaza, matatu huweza kuganda karibu na Dagoretti Corner hadi dereva azime injini. Jirani yako yumo kwenye simu. Wewe toa kitabu cha upelelezi.

Wengi watakutajia John Kiriamiti, na wana haki. *My Life in Crime* cha 1984, kisa cha mporaji wa benki wa Nairobi aliyekiandika akiwa gerezani, bado kinapita mkono kwa mkono hadi jalada linang'oka. Lakini kwa Kiswahili anza na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotoka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hana bastola. Ana kiko, rafiki yake Najum, na subira ya kuuliza swali dogo ambalo wengine wamelidharau. Kiswahili cha Abdulla ni kitamu mno (mwenzangu na mimi tuliozoea Sheng tutasoma polepole). Kisha mtafute mpelelezi Willy Gamba wa mwandishi Elvis Musiba, katika *Kufa na Kupona*: huyo ana bastola.

Ukivipata kwa muuza vitabu vikuukuu, hesabu kwanza kurasa za mwisho. Mara nyingi muuaji ndiye aliyechanwa.