Banda la Farasi na Kichwa cha Mpagazi

Kando ya baadhi ya majumba ya kale ya mashamba ya Uingereza yangali yamesimama mabanda ya farasi yaliyojengwa karne nyingi zilizopita: nguzo na boriti za mwaloni zimeshikana kwa vigingi vya mti, na mara nyingi nafasi baina yao zilijazwa fito na udongo. Mwenyeji wa Ifakara angeutambua ukuta huo, kwa kuwa nyumba nyingi za bonde la Kilombero zilijengwa vivyo hivyo. Bali banda lenyewe asingeliona kwao. Mbung'o alilikataza. Nagana humwua farasi, na katika vita vya 1914 hadi 1918 wanyama wa majeshi ya Waingereza walikufa kwa maelfu katika nchi hii.

Mizigo haikulala njiani kwa kukosa farasi. Ilipanda kichwani mwa mtu. Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero, ilipotekwa na Wabelgiji mwezi wa Oktoba 1917, vyakula na risasi vilifuata majeshi juu ya vichwa vya wachukuzi.

Hapo huzaliwa swali la haki. Farasi alijengewa kwa nini? Yuko asemaye kuwa ni kwa huruma. Hoja hiyo ni dhaifu, maana mtunza farasi mara nyingi alilala darini mwa banda lile lile, na huruma haikupanda ngazi kumfikia. Farasi alinunuliwa kwa fedha nyingi, na kifo chake kilikuwa hasara ya bwana. Mchukuzi akifa alitafutwa mwingine. Hasara ilikuwa ya mama yake. Paa lilifuata bei, halikufuata utumishi.

Pengine itajibiwa kuwa mpagazi alikuwa huru, na mtu huru hujitafutia paa lake. Jibu hilo lina uzito kwa mpagazi wa misafara ya zamani aliyepatana ujira wake. Wanyamwezi wengi waliifanya kazi hiyo kwa fahari, ingawa mzigo ulikaribia frasila mbili. Kwa yule aliyetolewa shambani kwake kwa nguvu wakati wa vita, halina uzito wowote. Uhuru alinyang'anywa, na banda hakupewa.

Jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi limebaki katika matamshi ya Kariakoo, Dar es Salaam. Sanamu iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Huko Uingereza, mengi ya mabanda yale hulindwa kwa sheria, hata yasiyo na farasi tena.