Mifupa ya Wafu na Deni la Walio Hai

Je, mifupa ya mtu aliyekufa ni mali ya nani? Ni ya jamaa zake, ni ya taifa lenye ardhi alimozikwa, au ni ya wanadamu wote wenye kiu ya kuijua asili yao?

Swali hili hatukulipata vitabuni, tulilipata kazini. Zamani, tulipokuwa katika utumishi wilayani, barabara mpya ililazimika kupita penye makaburi. Katika daftari letu tuliandika "makaburi 11", baina ya hesabu ya minazi na hesabu ya mabanda, kisha tukaenda kuwasomea wenyeji. Bibi mmoja mzee akatusikiliza hadi mwisho, akauliza: "Wanangu, huyo wangu mtamlaza kwa ubavu gani?" Hatukuwa na jibu. Tulijua urefu wa barabara na gharama yake, lakini hilo hatukulijua.

Hata hivyo, hatuwezi kukubaliana na wale wasemao kuwa wafu wasiguswe kabisa. Mwaka 1959, katika bonde la Olduvai, Mary Leakey aliliona fuvu la kiumbe aliyeitwa Zinjanthropus, aliyeishi yapata miaka 1,750,000 iliyopita. Ingawa yeye si babu yetu wa moja kwa moja, ni jamaa wa ukoo mpana wa binadamu. Fuvu hilo, pamoja na mengine yaliyofukuliwa baadaye, lilisaidia kuwathibitishia walimwengu kwamba chimbuko la binadamu ni Afrika. Kama ardhi isingechimbuliwa, waliotuambia kuwa hatuna historia wangali wakitamba. Elimu hii ni urithi wetu, na mwacha asili ni mtumwa.

Lakini mifupa hiyohiyo imewahi kuchukuliwa kwa nia nyingine. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alipojiua mwaka 1898 ili asitiwe mikononi mwa Wajerumani, kichwa chake kilikatwa. Mafuvu mengi ya Waafrika yalipelekwa Ujerumani zama za ukoloni, yakapimwa na kupangwa makabatini na watu waliotaka kuthibitisha kuwa jamii moja ya binadamu ni bora kuliko nyingine. Kurudishwa kwa fuvu la Mkwawa kulitajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini Wahehe wakangoja hadi mwaka 1954, walipokabidhiwa na Gavana Twining fuvu lililochaguliwa kwa vipimo miongoni mwa mengine katika makumbusho ya Bremen. Leo limehifadhiwa Kalenga, Iringa. Wako wengine ambao jamaa zao wangali wakingoja. Mwaka 2023 ilitangazwa Berlin kwamba, kwa uchunguzi wa chembe za urithi, mafuvu yaliyotoka kaskazini mwa Tanzania yamepatiwa ndugu zao walio hai.

Basi, tofauti ya matendo haya ni ipi? Wapo wanaojibu kwamba ni umri: mfupa wa juzi una wenyewe, mfupa wa kale hauna mwenyewe. Jibu hili ni jepesi, nasi tuliliamini kwa muda mrefu. Lililotutoa katika imani hiyo ni kaburi moja la pwani ya Kenya.

Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, wachimbuzi walikuta mifupa ya mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021, naye akapewa jina la Mtoto. Mifupa ilikuwa dhaifu mno, hata ikabidi ifunikwe kwa plasta na kuondolewa pamoja na udongo wake. Wataalamu waliipekua punje kwa punje, wakagundua kwamba Mtoto alichimbiwa shimo, akalazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Yaelekea alifungwa sanda ya majani au ngozi, na kichwa chake kikawekewa mto ambao umekwisha kuoza.

Tulipoyasoma hayo tulimkumbuka yule bibi. Swali lake lilikwisha kujibiwa miaka 78,000 kabla yetu, na watu tusioijua lugha yao wala dini yao. Kwa hiyo hakuna mfupa usio na mwenyewe. Mtoto alikuwa na mtu aliyemtafutia mto, na heshima ile haikufutwa kwa kuwa miaka imekuwa mingi.

Elimu ndiyo iliyotufundisha hili. Kwa hiyo si haki kuifanya elimu kuwa adui wa heshima. Kosa la zama za ukoloni halikuwa kupima, kwani kwa kupima pia wamepatikana ndugu. Kosa lilikuwa kumnyang'anya mtu jamaa yake bila ridhaa, kumtumia ili kuwadhalilisha walio hai, na kutomrudisha. Anayechimba leo ataomba idhini ya wenyeji, atawaeleza alichokiona, naye ataurejesha mfupa pale wenyewe watakapoudai.

Enyi walimu na vijana, mtakaposimama mbele ya fuvu katika makumbusho, ulizeni umri wake, kisha ulizeni alilazwaje na nani alimlilia. Sisi tulihesabu makaburi 11 bila kuuliza. Msilirithi kosa hilo.