Chakula cha Halali Chenye Kumdhuru Mtoto

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, tumezoea kuulizana juu ya chakula swali moja: Je, ni halali au ni haramu? Swali hili ni la haki, wala hapana ruhusa ya kuliacha. Lakini liko na la pili, nalo latoka katika sharia hiyo hiyo: Je, chakula hiki kitamdhuru huyu akilaye? Kwani kitu chaweza kuwa halali kwa umma mzima kikawa ni sumu kwa mtoto mmoja.

Hali hii madaktari huiita mzio, na wengi mjini husema aleji. Mwili wa mtoto hukidhania chakula kuwa ni adui, ukaanza kupigana nacho. Vyakula vijulikanavyo zaidi kwa jambo hili ni njugu, korosho, mayai, maziwa, ngano, soya, ufuta, samaki na kamba. Mara nyingi huwa ni vipele na mwasho, vikapita. Lakini kwa baadhi ya watoto midomo na ulimi huvimba, koo likabana, pumzi ikawa nzito, mtoto akatapika, akazirai. Na haya yaweza kutimia kwa dakika chache, yakawa ndiyo mauti yake. Wala si lazima ale kingi. Kwa mtoto mwenye mzio mkali, mwiko uliokoroga mchuzi wa njugu kisha ukatiwa katika sufuria nyingine waweza kutosha.

Twawaeleza haya nyinyi watu wa miji ya pwani kwa kuwa wengi wetu tuna watoto na wajukuu Nairobi, katika mitaa ya Eastlands: Pumwani, ambako Waislamu wamekaa tangu miaka ya 1920, na Eastleigh, Kaloleni, Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora. Huku kwetu mtoto aghalabu hula chungu cha mamake au cha bibi yake, ambaye ajua lipi limfaalo na lipi limdhurulo. Huko wazazi hutoka alfajiri kwenda kazini, na mtoto akalishwa na mikono isiyomjua.

Tazameni uji peke yake. Unga wa uji unaouzwa madukani mara nyingi umechanganywa wimbi, njugu, soya na hata omena, kwa nia njema ya kuwatia watoto nguvu. Katika kikombe kimoja mna vitu vitatu vya kuogopewa, wala hapana kinachoonekana kwa macho. Tena mna vibanda mlangoni mwa shule, ambapo mafuta yaliyokaanga samaki ndiyo yakaangayo viazi na bhajia. Na mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha mpango wa Dishi na County, mzazi akitakiwa kutoa shilingi 5 kwa mlo, chakula kikipikwa katika majiko makuu na kupelekwa shuleni. Hili ni jambo la kheri kwa maskini. Lakini apikiaye maelfu hawezi kumjua mtoto wako ila umwambie mwalimu wake. Wala vyuo vyetu vya Kurani havimo nje ya khatari hii, kwani siku za furaha watoto hugaiwa kashata za njugu bila ya kuulizwa.

Yako maneno mawili yasemwayo na watu, na yote mawili yaua.

La kwanza ni kusema: "Mtoto huyu adeka, alazimishwe ale, kuikataa riziki ya Mungu ni kukufuru neema." Asemaye hivi na aikumbuke hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipoletewa nyama ya kenge wa jangwani aliuzuia mkono wake. Khalid bin Walid akamwuliza kama ni haramu, naye akamjibu kuwa si haramu, ila hakipatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikipendi. Basi Khalid akala, na Mtume akimtazama. Hapana aliyelazimishwa, na hapana aliyelaumiwa. Ikiwa chakula cha halali chaweza kuachwa kwa kutopendwa tu, itakuwaje kwa kile chenye kuondoa roho?

La pili ni kusema kuwa uvimbe ule ni jini au kijicho, mtoto akafungwa hirizi na kunyweshwa kombe hali pumzi yakatika. Dua ni silaha ya Muislamu, lakini dua haimzuii mtu kwenda hospitali. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu.

Na ajikingiaye kwa kusema "sikujua" na aisikilize khabari aliyoipokea Abu Daud. Mtu mmoja alikuwa safarini ana jeraha la kichwa, akapatwa na janaba, akawauliza wenziwe kama ana rukhsa ya kutayamamu. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata khabari aliwahukumu kuwa wao ndio waliomwua, na akaeleza kuwa dawa ya ujinga ni kuuliza. Wale hawakuwa na nia mbaya. Walisema wasilolijua tu.

Basi yatupasa haya. Mzazi ampeleke mtoto kwa daktari ahakikishe ni chakula gani, asije akamnyima vyakula vizuri kwa dhana tu. Kisha aandike jina la chakula hicho, ampe mwalimu wa shule, mwalimu wa chuo na mpishi. Mtoto afundishwe kusema "hapana" na kutobadilishana chakula na wenziwe. Mwalimu asimlazimishe mtoto kula, wala asiwaache wenziwe wamcheke. Na dalili zikitokea, khasa kwa mtoto mwenye pumu, asisimamishwe wala asitembezwe. Alazwe, au akae kitako ikiwa pumzi imembana, na apelekwe hospitali upesi, watu wa huko waambiwe alichokula. Dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini ya paja. Vidonge vya mwasho havifungui koo, basi visingojewe. Na hata akipata nafuu asirudishwe nyumbani mara moja, kwani dalili zaweza kurejea baada ya saa kadhaa.

Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Na katika Suratul Maida, aya ya 32, Mola wetu amelinganisha kuiokoa nafsi moja na kuwaokoa watu wote. Huenda nafsi hiyo ikaokolewa kwa swali dogo la mwalimu kabla ya kugawa uji.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na awahifadhi watoto wetu walio mbali nasi na walio karibu. Amin.