Nani Alikuwa Nje Mara ya Kwanza?

Hosteli yetu ya wanafunzi wa uzamili ina swali moja inalolijibu haraka mno: kuna haja gani ya kutengeneza upya filamu ambayo watu tayari wanaipenda? Hakuna, wanasema. Ni uvivu na uchu wa fedha. Mfano wa kwanza huwa The Lion King. Ile ya 1994 ilichorwa. Ya 2019, iliyoongozwa na Jon Favreau, ilitengenezwa kwa kompyuta hadi kila unywele wa simba ukaonekana, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, na hadithi ikabaki karibu ileile. Hata sauti ya Mufasa ilibaki ya James Earl Jones.

Upungufu wake nauona. Simba wa kuchorwa aliweza kulia. Simba wa kompyuta ana uso wa simba wa kweli, na simba wa kweli hana namna ya kutuonyesha kwamba amefiwa na baba. Lakini hoja ya wenzangu inachukulia kwamba filamu ya kwanza ilimfikia kila mtu, tena ikiwa vilevile ilivyotoka kwa mwenyewe. Hapo ndipo ninapoachana nao.

Nimekulia Kiomboi, Iramba. Filamu tulizitazama kwenye kibanda umiza: mabenchi, televisheni moja, pazia zito mlangoni na joto la kukamua shati. Zilitoka Marekani, Hong Kong, India, lakini tulichokipenda ni sauti ya mtafsiri iliyowekwa juu yake, na kati ya watafsiri wote Lufufu ndiye aliyekuwa mkubwa. Hawa hawakutafsiri kama kamusi. Walieleza mji ulivyo, walimkemea adui, walimwonya steringi, walijaza kimya ambacho mwongozaji alikiacha makusudi. Kwa mwongozaji kimya kile kilikuwa sanaa. Kwetu kilikuwa mlango uliofungwa.

Mama yangu aliishia darasa la saba. Kwa miaka mingi aliamini muvi ni mambo ya vijana wa kiume wasio na kazi, mpaka jirani alipoleta diski iliyotafsiriwa. Aliitazama yote. Kisha akaanza kubishana na mtafsiri: huyu anatudanganya, yule binti hajampenda yule kijana, anamwogopa. Tulicheka, ila alikuwa sahihi, na ilikuwa mara ya kwanza kwangu kumsikia mama akichambua kazi ya sanaa. Vifaa vya kuchambulia alikuwa navyo siku zote. Hakuwa amefunguliwa mlango.

Kwa hiyo ninapoletewa filamu iliyofanywa upya, sianzi kwa kuuliza kama imeifikia ya kwanza kwa ubora. Nauliza nani alikuwa nje mara ya kwanza, na kama safari hii ameingia. Mussa Banzi alipotengeneza Shumileta alichota kwa Wanigeria, waliokuwa na Nneka the Pretty Serpent tangu 1994. Nneka ana roho ya majini kwao, wanaijua wao. Shumileta alikuja kwa jina la kijini, na jini hapa hahitaji kutambulishwa kwa mtu. Wapo waliosema ameiga, na kweli ameiga. Wanigeria wenyewe waliirudia Nneka mwaka 2020.

Kwa kipimo hicho The Lion King ya 2019 inapata nusu. Wamarekani weusi, waliomsikia Simba mkubwa wa 1994 akisemewa na Matthew Broderick, safari hii walimsikia Donald Glover. Hilo si dogo. Sisi tulioazimwa majina, Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi, tulibaki tulipokuwa. Kule Marekani Disney walishasajili Hakuna Matata kuwa alama yao ya biashara. Beyoncé naye akatoa albamu ya kwenda na filamu, The Gift, akawaita wasanii wa Nigeria, Ghana, Cameroon na Afrika Kusini. Wa Afrika Mashariki hakuna. Wakenya walilalamika, wakaambiwa wana wivu. Mimi nadhani walikuwa wanauliza swali langu.

Kuna mahali kipimo hiki kinanisumbua. Disney wakirudia kazi yao ni halali, kwa kuwa ni mali yao. Lufufu akiweka sauti yake juu ya kazi ya mwingine bila ruhusa, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haimpi nafasi. Na mazoea yaleyale ya diski zisizo na mwenyewe ndiyo yaliyowaumiza watengenezaji wa Bongo Movie, ambao filamu zao zilinakiliwa na kuuzwa mitaani wao wakiangalia. Anayenunua nakala hiyo naye alikuwa nje; alizuiwa na bei, kama mama alivyozuiwa na lugha. Naweza kusema mnakili hakuongeza kitu na Lufufu aliongeza, na ni kweli, lakini kuongeza kitu kwenye nyumba ya mtu hakukupi nyumba.

Rafiki yangu anayetengeneza filamu fupi pale Singida mjini hapendi nikimsifia Lufufu mbele yake. Nilimwuliza angefanyaje akisikia kwamba mtu wa Kampala, ambako nako wako watafsiri wa namna hii, ameweka Kiganda juu ya filamu yake na kuionyesha bila kumwambia. Akasema angemshtaki. Nikamwuliza kama watazamaji wale wangewahi kuiona kwa njia nyingine. Akanyamaza kidogo, akasema angemshtaki, ila angeomba kwanza mtu amfasirie yule jamaa amesema nini pale mwishoni, kwenye tukio la kisimani, ambapo yeye aliacha watu wakae kimya.